Tezi Zimelala: Mwili Baada ya Kuacha Prednisoloni

Assalaam alaykum, kina mama na kina baba. Walio kule nyuma sogeeni, leo kuna hesabu.

Mtu ametumia prednisoloni mwaka mzima kwa pumu au ugonjwa wa viungo. Ugonjwa umetulia, daktari amesema tuache. Watu wa nyumbani wanadhani yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Juu ya kila figo pana tezi ndogo, adrenali. Hutengeneza kotisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari na kuupa mwili nguvu ya kuhimili homa au jeraha. Prednisoloni huiga homoni hiyo: kiasi ambacho tezi hutoa kwa siku moja ni kama prednisoloni ya miligramu 4 hadi 6. Ukimeza zaidi ya hapo kwa wiki 3 au 4 na kuendelea, ubongo huona homoni imejaa, huacha kuziamrisha tezi, nazo husinyaa. Ukikata ghafla, dawa huna na tezi huna.

Kwa hiyo tunashuka ngazi kwa ngazi. Toka miligramu 40 kwa siku hadi 20, aghalabu hupunguzwa 5 kila wiki. Toka 20 hadi 10, hupunguzwa 2.5 kila wiki 1 hadi 4. Toka 10 hadi 5, moja moja kwa muda huohuo. Chini ya 5, miligramu 1 kwa mwezi. Mbona juu tulishuka mbio na hapa tunatambaa? Kwa sababu juu ya 5 dawa bado inazifanyia tezi kazi; chini ya hapo zenyewe ndizo zinaamshwa. Ratiba yako ataiandika daktari. Robo ya kidonge cha 5 hukatika ovyo, basi muulize mfamasia kama ana vya 1. Meza asubuhi, umekula. Dozi ya usiku huzilaza tezi zaidi.

Kipimo cha kotisoli hufanywa saa mbili asubuhi, kabla ya kumeza, saa 24 tangu kidonge cha mwisho. Zaidi ya nanomoli 300 kwa lita, tezi zimeamka. Chini ya 150, unabaki na dozi ndogo na kupimwa tena baada ya miezi. Wengine huchukua mwaka na zaidi.

Sasa miguu. Dawa hii hula misuli ya mapaja, nyonga na mabega, tena bila maumivu. Mtu anatembea vizuri ufukoni, lakini ngazi za nyumba zetu za mawe anazipanda kwa kushika ukuta, na kutoka sijda anajisukuma kwa mikono. Msimwite mvivu. Kutembea tu hakumtoshi. Akae ukingoni mwa baraza, mikono kifuani, ainuke kwa hesabu ya 3, ashuke kwa hesabu ya 3. Mara 8, apumzike dakika 2, arudie mizunguko 2 tena. Siku 3 kwa wiki. Wengi hujitupa wakati wa kukaa, na kumbe kule kushuka polepole ndiko kunakojenga. Baraza likiwa chini mno, aweke mto mgumu. Miguu ikipata nguvu, auondoe. Samaki, mayai, kunde au maziwa viwepo katika kila mlo. Hesabuni miezi, si siku.

Ila maumivu ya kinena yanayozidi ukikanyaga ni jambo jingine: huenda kichwa cha mfupa wa paja kimekosa damu. Acha mazoezi, nenda ukapigwe picha. Eksirei ya mwanzo yaweza isionyeshe kitu, MRI, picha ya mashine ya sumaku, huonyesha.

La hatari ni kutapika. Tezi zilizolala haziwezi kuongeza homoni mwili unapougua, kwa hiyo kwenye homa daktari huongeza dozi, au huirudisha kwa aliyekwisha acha. Anayetapika vidonge, ana kizunguzungu na usingizi mzito, anahitaji sindano ya haidrokotisoni, yaani ile kotisoli yenyewe, miligramu 100. Ukiwa Faza au Kizingitini, kule kisiwani Pate, usingoje boti ya asubuhi; anza zahanati ya karibu, ukaulize mapema kama sindano ipo. Kuhusu Ramadhani, zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama. Hali ikikugeuka katikati ya saumu, fungua. Mgonjwa ana ruhusa.

Andika karatasi: jina la dawa, dozi, tarehe uliyoacha. Mwonyeshe mtu wa nyumbani inapokaa, maana saa hiyo mgonjwa mwenyewe huenda hasemi.