Dhahabu Isiyochovywa: Mapambo ya Vilemba vya Watawala wa Pwani ya Peru

Ndugu wasikilizaji, tuanze na uzito. Katika kaburi la Bwana wa Sipán, lililochimbuliwa na Walter Alva mwaka 1987 huko Lambayeque, kaskazini mwa Peru, mlikuwa na hilali ya dhahabu ya kuvaliwa kichwani, yenye upana wa sentimita 60 hivi. Kitu cha ukubwa huo kingemiminwa kwenye kalibu, shingo ingekoma. Kwa hiyo mafundi wa Moche, watu wa kale wa pwani hiyo waliotawaliwa na mabwana kama huyo, walifua bamba.

Mivukuto hawakuwa nayo. Moto wa makaa ulipulizwa kwa mirija, kwa mapafu ya watu. Kibonge kilichoyeyushwa kiliwekwa juu ya fuawe la jiwe, kikapondwa kwa nyundo ya jiwe. Kila pigo hulifanya bamba liwe gumu zaidi, na ukizidisha kingo zinapasuka. Fundi husimama kabla ya hapo, hulirudisha motoni mpaka liwe jekundu kwa mbali, hulipoza, kisha huanza upya. Akizidisha moto, nao una hasara yake: fedha tupu huyeyuka kwa nyuzi 961 za Selsiasi na shaba kwa 1085, lakini zikichanganywa huanza kuyeyuka karibu na 780. Anayelipasha bamba la mchanganyiko kama shaba tupu atalitoboa.

Na hapa ndipo penye ufundi hasa. Vipande vingi tunavyoviita vya dhahabu ni tumbaga, yaani mchanganyiko wa dhahabu na shaba, mara nyingi na fedha pia. Sisi tumezoea dhahabu ya kuchovya, inayotoka nje. Hii hutoka ndani. Bamba likipashwa moto, shaba iliyo juu hushika oksijeni na kuwa gamba jeusi. Gamba huondolewa kwa kitu kikali. Majimaji ya mimea au mkojo uliochacha vingetosha. Rudia mara nyingi, na shaba itazidi kupungua usoni huku dhahabu na fedha zikibaki. Fedha nayo ikiwa nyingi, bamba litakuwa jeupe. Heather Lechtman alionyesha kwa majaribio kwamba ujiuji wa chumvi na madini ya salfeti ya chuma huiondoa. Msishangae kazi ikitoka imefifia kama udongo: uso umejaa vishimo vidogo mno, na haung'ai mpaka usuguliwe kwa jiwe laini.

Kuunga ni jambo jepesi kulieleza: ulimi wa bamba hupitishwa kwenye mwanya na kukunjwa nyuma. Visahani huning'inizwa kwa waya ili vitikisike na kumeta mvaaji anapotembea.

Udongoni, shaba iliyobaki ndani hutokeza nje kama kutu ya kijani na kuifunika dhahabu. Atakayeiosha kwa asidi kali huenda akaondoka na ngozi yenyewe ya dhahabu, pamoja na rangi nyekundu ya sinabari, madini ya zebaki, ambayo watu wa Sicán, waliokuja baada ya Moche katika pwani hiyohiyo, waliipaka kwenye vinyago vya maiti.

Waporaji ni wabaya zaidi. Pambo la paji la uso kutoka La Mina, eneo la makaburi ya Moche, lenye mikono minane ya pweza, liliibwa mwaka 1988 na kupatikana London mwaka 2006. Dhahabu imerudi Peru. Kilemba kilicholibeba hakikurudi nayo.