Kadi ya pointi za safari: piga hesabu kabla hujajaza fomu

Assalam aleykum na hamjambo nyote, karibuni tena. Leo tunapiga hesabu moja ambayo watu wananiuliza sana hapa Malindi, ile kadi ya krediti, yaani ya benki kukulipia kwanza wewe uirudishie baadaye, inayotoa pointi za safari, unaswaipu unapata pointi, pointi zikijaa unapanda ndege, sasa je, inakulipa ama inakula pesa yako polepole na we unacheka tu? Chukua daftari na kalamu. Mimi ntaandika namba zangu hapa kwenye karatasi mzione, lakini wewe uandike zako, usinakili zangu maana zangu ni za mfano.

Kabla hatujaanza, zile video za Wamarekani ziweke kando kidogo. Kule kuna kadi kama Chase Sapphire Preferred, ada yake dola 95 kwa mwaka, na mteja mpya akitumia maelfu ya dola ile miezi mitatu ya mwanzo anapewa rundo la pointi za kumkaribisha. Si uongo, wanapewa kweli, lakini ile kadi ni ya mtu anayeishi Marekani na pesa ya zile pointi ina mahali inatoka. Mwenye duka kule kila ukiswaipu anakatwa kama asilimia 2 hivi, sehemu kubwa inakwenda kwa benki iliyotoa kadi, na benki inakurudishia kidogo kwa jina la pointi. Ulaya wameibana hiyo, tangu 2015 sheria ya Umoja wa Ulaya inasema benki ya mwenye kadi ya krediti isipate zaidi ya asilimia 0.3, ndio maana Mtaliano aliyejenga Casuarina hapa Malindi kadi yake ya kwao haimpi maajabu kama ya Mmarekani. Kwa hiyo ukiona mtu anakwambia amezunguka dunia kwa pointi, muulize kwanza anaishi wapi.

Haya, hatua ya kwanza, toa statementi yako ya M-Pesa ya miezi sita. Ingia kwenye apu ama piga *334#, omba statementi, itakuja kwa imeili ikiwa imefungwa na utatumiwa namba ya siri ya kuifungua. Kama una akaunti ya benki toa na ya benki. Sasa kaa nayo, usiipitie juu juu, chukua kalamu mbili za rangi tofauti. Ya kwanza piga mstari kwenye kila pesa iliyokwenda mahali ambapo pana mashini ya kadi, na ya pili piga kwenye yote mengine.

Hapa ndipo watu wananyamaza. Kodi ya nyumba, umemtumia landlodi kwa simu. Samaki, umenunua kwa mvuvi pale ufuoni, keshi. Tuktuk, keshi ama M-Pesa. Maziwa, mkate wa mofa, mboga, viazi vya karai vya jioni, hivyo vyote mwenye navyo hana mashini na wala hataki kusikia habari ya mashini. Karo, peibili. Stima, tokeni. Mchango wa harusi, fundi, mkopo wa chama, kote ni simu. Kinachobaki ni supamaketi, petroli, duka kubwa la dawa, na hoteli siku ukijitanua. Kwa ndugu zetu wa Lamu ni zaidi, kule nje ya hoteli za Shela na sehemu chache za wageni mji mzima unakwenda kwa keshi na M-Pesa, boti ya Mokowe unalipa mkononi, punda wa kubeba simiti unalipa mkononi, hakuna nahodha atakayekutolea mashini pale gatini.

Na hiyo ndiyo hesabu yenyewe wallahi, watu wanaanza na pointi, wanauliza kadi gani inatoa pointi nyingi, mimi nakwambia anza na ile rangi ya kwanza. Pointi zinatoka kwenye pesa inayopita kwenye kadi tu, mshahara wako hata uwe laki mbili kama elfu kumi na tano ndiyo inaswaipiwa basi kwa benki we ni mtu wa elfu kumi na tano.

Hatua ya pili, jua pointi moja ni shilingi ngapi. Usikubali kuambiwa "pointi elfu tano mashallah", elfu tano za nini? Fanya hivi. Tafuta tikiti unayoitaka kweli, tuseme Malindi kwenda Nairobi na kurudi, angalia bei yake kwa pesa siku hiyo hiyo. Kisha angalia kwa pointi inataka ngapi, na muhimu, angalia kodi na tozo ambazo bado utalipa kwa pesa, maana tikiti ya pointi mara nyingi haiji bure kabisa. Naandika hapa mfano. Tikiti kwa pesa 14,000. Kwa pointi wanataka pointi 6,000 na juu yake shilingi 3,500 za kodi. Toa 3,500 kwenye 14,000, inabaki 10,500, gawanya kwa 6,000, unapata shilingi 1.75 kwa kila pointi. Sasa chukua zile zile pointi uone ukizibadilisha kwa vocha ya duka unapata ngapi, mara nyingi utakuta inashuka. Bei ya pointi haijaandikwa popote, unaipata kwa kugawanya.

Na uliza swali hili kabla hujasaini kitu, pointi hizi zinaishia kwa ndege gani? Kenya Airways wana mpango wao wa Asante Rewards na kujiunga nao ni bure, huhitaji kadi yoyote, unapanda unahesabiwa. Sasa sisi wa Malindi na Lamu tunapanda hizi ndege ndogo na za bei nafuu, kwa hiyo usichukulie kwamba kila ndege inayotua hapa ama Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, inahesabiwa kwenye mpango wa kadi yako. Waambie wakuonyeshe Malindi kwenye orodha, kwa jina. Ikiwa pointi zinafanya kazi kuanzia Nairobi kwenda nje tu na we huendi nje, basi hizo ni pointi za mwingine. Kama safari yako ni basi mpaka Mombasa halafu SGR, tangu Januari 2024 daraja la kawaida mpaka Nairobi nauli ni 1,500, hesabu ile ya pointi itangoja sana kuishinda hiyo.

Hatua ya tatu, gawanya ada. Tuseme kadi ina ada ya 5,000 kwa mwaka, na ukumbuke juu ya ada kuna ushuru wa serikali kwa hiyo itazidi hapo, lakini tuiache 5,000 hesabu iwe nyepesi. Kadi inatoa pointi moja kwa kila shilingi mia, na pointi tuseme ni shilingi moja. Mwalimu anaswaipu 15,000 kwa mwezi, mwaka ni 180,000, pointi 1,800, yaani shilingi 1,800. Amelipa 5,000. Amepoteza 3,200 kwa benki, na yeye anafurahi ana pointi. Ili arudishe ada tu, bila faida, anatakiwa aswaipu 500,000 kwa mwaka, kama elfu arubaini na moja na mia saba kila mwezi. Pointi ikiwa nusu shilingi, mara mbili ya hapo. Simamisha video hapa, weka namba zako, rudi.

Umerudi? Sawa. Sasa kuna mtu hesabu inamkubali, mwenye gesti hausi ama anayekatia wageni tikiti na kununulia vitu vya hoteli. Huyu anaweza kuswaipu 200,000 kwa mwezi bila kutafuta, mwaka ni milioni 2.4, kwa hesabu yetu ni 24,000, toa ada inabaki 19,000. Huyo namwambia achukue. Lakini yakhe, biashara ya wageni pwani inajulikana, Desemba na Agosti pesa inaingia, mvua ya masika ikianza Aprili hoteli zinafunga milango mpaka Juni na wewe bili ya kadi haijui masika. Ukibeba deni la 100,000 miezi mitatu hiyo, kwa riba ya tuseme asilimia 3.5 kwa mwezi, ni zaidi ya shilingi elfu kumi. Nusu ya faida ya mwaka mzima imekwenda na ndege hujaiona.

Na hapa niwaonyeshe statementi ilivyo maana ndipo panapoumiza. Sogea karibu na skrini. Pana mistari minne ya kuangalia. Tarehe ya statementi, tarehe ya mwisho ya kulipa, jumla unayodaiwa, na huu mstari wa chini unaitwa kiwango cha chini cha kulipa. Huu wa chini wameuweka uonekane mzuri. Tuseme jumla ni 40,000 na kiwango cha chini ni asilimia 10, unalipa 4,000 unalala vizuri hujavunja sharti. Lakini 36,000 imebaki, asilimia 3.5 yake ni 1,260. Na zile pointi za kuswaipu 40,000 zilikuwa ngapi? Mia nne. Umenunua mia nne kwa 1,260, mwezi mmoja tu, na kwa kadi nyingi ukishabeba deni hata manunuzi mapya yanaanza kuhesabiwa riba siku hiyo hiyo, zile siku zako za kukaa bila riba zinaondoka mpaka umalize lote. Kwa hiyo ukichukua kadi mwambie mtu wa benki aweke malipo ya moja kwa moja ya jumla yote, asilimia 100, maana fomu nyingine zinakuja zimejazwa kiwango cha chini tayari.

ATM usiende nayo. Kutoa keshi kwa kadi ya krediti kuna ada yake, riba inaanza hapo hapo, na pointi kwa kawaida hupati. Na dukani ama kwa wakala akikwambia ukilipa kwa kadi naongeza asilimia tatu, mlipe kwa M-Pesa, huwezi kutoa tatu kutafuta moja.

Sasa la riba lenyewe, maana najua nusu ya wanaonitazama Lamu wanangoja nilifikie. Mimi si sheikh, nitasema ninachokijua halafu muulize wenye elimu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, yaani baraza la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walikaa Riyadh mwaka 2000 wakasema kadi ya krediti yenye sharti la riba ndani ya mkataba haifai kuitumia hata kama nia yako ni kulipa kabla ya muda. Wapo wanazuoni wengine waliolegeza kwa mwenye uhakika wa kulipa kwa wakati. Kwa anayetaka kukaa mbali na mashaka hapa Kenya zipo benki za Kiislamu kama Gulf African, na madirisha, yaani vitengo vya Kiislamu ndani ya benki za kawaida, kama Sahl ya KCB, nenda ukaulize wana kadi ya aina gani na mkataba unasema nini, usisome brosha, soma mkataba.

Vitu vingine wanavyokupambia navyo, launji na bima. Launji ina faida kwa anayengoja Nairobi saa tano usiku na watoto, lakini kwa safari za Manda ambapo unateremka ndegeni unabeba begi lako unakwenda gatini kupanda boti, launji ya nini. Uliza mara ngapi kwa mwaka na mgeni wako analipa ngapi. Bima ndiyo ningeiangalia zaidi, hasa kwa wanaokwenda Italia kwa jamaa, maana viza ya Schengen inataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Kadi nyingine zinayo, lakini kwa sharti kwamba tikiti uinunue kwa kadi hiyo hiyo, na ubalozi utataka barua. Uliza kama benki inatoa hiyo barua, na kama wanatoa ujumlishe bei ya bima ambayo ungenunua pembeni kwenye hesabu yako, hiyo ni pesa halali kabisa.

Wafanyibiashara wasio na payslip, mkiambiwa muweke dipoziti ya dhamana msishtuke, ni kawaida, ila hesabuni pesa hiyo ingewazalishia nini dukani muda wote ikiwa imefungwa.

Na wewe ambaye tayari unayo na umeona leo haikulipi, usiikate kwa mkasi ukadhani yameisha. Piga simu benki kabla mwaka wake haujageuka uombe wakusamehe ada, wakati mwingine wanakubali ukisema unataka kufunga. Wakikataa, tumia pointi zako kwanza, hata kwa vocha ya supamaketi, kisha lipa mpaka sifuri, halafu dai barua ya kwamba akaunti imefungwa, iliyo na tarehe, na uiweke. Akaunti isiyofungwa ada inaendelea kukatwa, deni linakua kimya kimya, siku unaomba mkopo wa boti unaambiwa jina lako liko CRB, kule wanakoandikwa wasiolipa madeni, kwa kadi ambayo hukumbuki iliko.

Mwenye hesabu imemkwama aniandikie hapo chini anaswaipu ngapi kwa mwezi na ada ya kadi ni ngapi, ntamjibu. Namba ya kadi msiniandikie jamani, juzi kuna mtu kaweka mpaka zile tatu za nyuma.