Sarafu Moja, Saa Arobaini na Nne

Asanteni. Karibuni mbele, viti hivi havina mwenyewe.

Naanza na mashine iliyoharibika. Mwaka 1972, kampuni changa ya Atari ilipeleka mashine ya majaribio ya gemu yake ya Pong kwenye baa iitwayo Andy Capp's Tavern, mjini Sunnyvale, California. Haukupita muda, simu ikapigwa: mashine yenu imekufa, njooni muitazame. Fundi aliyeiunda, Al Alcorn, akaenda, akaifungua. Mitambo yote mizima. Kilichokwama ni chombo cha kupokelea sarafu. Kilikuwa kimejaa pomoni, hakimezi hata moja zaidi.

Kishikeni hicho chombo, maana ndiko alikotoka bingwa wa gemu. Ninyi mliokulia kwenye vibanda vya gemu vya mtaani mmezoea kulipia mechi au dakika. Zikiisha, mwenye kibanda anakugusa bega. Mashine za kumbi za gemu za Marekani hazikuuza dakika, ziliuza kifo. Unatumbukiza senti 25, unapewa laifu tatu, na programu imetungwa ikumalize upesi ili mwenzako aliye nyuma atumbukize zake. Kwa hiyo mtu asiyekufa ni hasara. Anasimama pale anakula umeme wa mwenye ukumbi bure. Ubingwa wa siku zile, mimi nauona hivyo: ulikuwa ugomvi wa mteja na mwenye duka kabla haujawa mchezo.

Chukua Asteroids, gemu ya mwaka 1979. Una chombo kidogo cha angani, mawe yanakujia, unayapasua. Kila ukifikisha pointi 10,000 unaongezewa chombo kimoja. Sasa wajanja wakagundua kitu: usiyamalize mawe! Bakiza jiwe moja dogo lielee, kisha vizia. Kisahani kidogo cha adui kinachopita kina pointi 1,000. Vipige kumi, umepata laifu nyingine. Ni uvuvi huo, si vita. Kwa ujanja wa namna hiyo vijana walirundika vyombo vya akiba hadi mashine ikaelemewa kuvichora. Novemba 1982, Scott Safran, kijana wa miaka 15 kutoka New Jersey, alifikisha pointi 41,336,440. Rekodi hiyo ilidumu hadi Aprili 2010. Mwenyewe hakuishi kuiona ikidumu. Alifariki mwaka 1989, na watunza rekodi walimtafuta miaka kadhaa wampongeze, hawajui kwamba wanamtafuta marehemu.

(Mtu hapo nyuma anauliza: wao walijuaje pointi zake?)

Swali zuri, umeniwahi. Asteroids ilikuruhusu uandike herufi tatu za jina lako kwenye orodha ya washindi. Lakini usiku mwenye ukumbi akizima umeme, orodha yote inafutika. Asubuhi hakuna aliyewahi kushinda. Ukitaka sifa ilale na kuamka, lazima awepo binadamu mwenye kalamu.

Huyo binadamu aliitwa Walter Day. Mwaka 1981 alizunguka kumbi zaidi ya mia moja akinakili alama za juu, kisha Novemba mwaka huo akafungua ukumbi wake, Twin Galaxies, katika mji mdogo wa Ottumwa, jimbo la Iowa. Februari 1982 akautangaza kuwa ndio daftari la rekodi za taifa. Watu wakaanza kupiga simu kutoka kila pembe. Hebu fikirini: mwenye duka, badala ya kumfukuza mla bure, anamwandika kitabuni.

Januari 1984, katika ukumbi huohuo, Tim McVey, mwenyeji wa Ottumwa, miaka 16, alisimama mbele ya gemu iitwayo Nibbler. Ni nyoka anayekula vidonge ndani ya vichochoro, akila anarefuka, akijigonga mwenyewe amekufa. Basi. Ila Nibbler ilikuwa na kitu ambacho nyingine nyingi hazikuwa nacho: nafasi tisa za tarakimu kwenye pointi. Ukiziona tisa, unajua kuna mtu atataka kuzijaza.

McVey alitumbukiza sarafu moja. Akacheza zaidi ya saa 44. Choo je? Unajiwekea nyoka wa akiba. Ukibanwa unaondoka, unawaacha wafe mmoja mmoja, unarudi mbio kabla hawajaisha. Wenzake wapo pembeni, wanakesha naye.

Watunzi wa mashine hizi hawakutarajia mtu afike huko, na hesabu zao zinawasaliti. Donkey Kong, gemu nyingine ya kumbi hizo, hupanga muda wa kila hatua hivi: namba ya hatua jumlisha nne, zidisha kwa kumi. Hatua ya 22 inakuja 260, nayo chipu ya biti 8 inahesabu mwisho 255. Inazunguka, inabaki na 4. Mchezaji anakufa baada ya sekunde chache hata asikosee lolote. Mashine imeshindwa kumuua kwa haki, ikamuua kwa kukosea hesabu.

Nibbler haikumuua McVey. Tarehe 17 Januari tarakimu zote tisa zilifika ukingoni, halafu zikarudi sifuri. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kufikisha pointi bilioni moja, na kioo kilichokuwa mbele yake kilionyesha alama za mtu aliyeanza kucheza sasa hivi. Bilioni ilikuwa vichwani mwa waliokesha, na kwenye daftari la Day. Mwishoni McVey aliachia akiwa na 1,000,042,270.

Mji ukaipa tarehe 28 Januari jina lake. Ukumbi wenyewe ulifungwa Machi mwaka uleule.

Haya, maswali.