Ruba, damu na kidole kilichokatika: niliyosema Kisumu

Habari zenu wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana wa jua kali ambao naona mmefunga kazi soko la Kibuye mkakuja kunisikiza, asanteni sana. Leo naongea juu ya ruba. Tayari naona wengine wamekunja sura, hasa nyinyi watu wa Ahero mnaoingia kwa mpunga miguu tupu, nyinyi mnamjua, unatoka kwa maji unapata kitu nyeusi imejishika kwa mguu na hata hukusikia ikikuuma, halafu ukiitoa damu inakataa kukauka. Hiyo damu kukataa kukauka ndio story yote ya leo.

Ruba wa dawa anaitwa Hirudo medicinalis, wa Ulaya huyo, sio huyu wetu. Ana taya 3 na kila taya ina vimeno kama 100 hivi, akikata ngozi anaacha alama kama ile nyota ya Mercedes. Kwa mate yake kuna kitu inaitwa hirudini, inazuia damu kuganda. Mwingereza mmoja, John Berry Haycraft, aligundua nguvu ya hayo mate mwaka wa 1884, halafu miaka ya 1950 Mjerumani Fritz Markwardt akaitoa hiyo hirudini ikiwa safi peke yake, na leo kuna dawa ya watu wa moyo inaitwa bivalirudini imetengenezwa kwa kuiga hiyo hiyo.

Sasa, kabla ya hapo watu walimtumia ruba vibaya, kwa imani ya kutoa damu chafu. Nyanya yangu alikuwa anapiga watu chuku, anachanja na wembe, anaweka pembe ya ng'ombe anavuta hewa kwa mdomo anaziba na nta, na kila mtu kijijini alikuwa anasema ametoa damu chafu. Wazungu walikuwa na imani hiyo hiyo. Ufaransa kulikuwa na daktari Broussais aliyeamini karibu kila ugonjwa unatoka kwa uvimbe wa ndani na dawa ni kutoa damu, ikafika mahali mwaka wa 1833 peke yake Ufaransa iliagiza ruba zaidi ya milioni 40 kutoka nje! Watu wana homa, hawana nguvu, na bado wanatolewa damu. Inaniuma nikifikiria hao wagonjwa.

Lakini tusimtupe ruba kwa sababu ya makosa ya watu. Skizeni hapa vizuri.

Kijana anakata nyasi ya ng'ombe na ile mashine, chafkata, kidole kinaenda. Akipata daktari mzuri wa upasuaji kinaweza kurudishwa. Daktari anashona ateri, mishipa ile inaleta damu, hiyo ina ukuta mgumu kidogo inashoneka. Shida ni vena, ile ya kurudisha damu, ni nyembamba na laini, saa ingine hata haionekani ama inaziba baada ya kushonwa. Watu wa Ahero mtanielewa haraka: maji ya mto Nyando inaingia shambani vizuri lakini mfereji wa kutoa umeziba. Mpunga utafanya nini? Kidole pia hivyo hivyo, kinajaa, kinavimba, kinakuwa zambarau halafu cheusi, kinakufa na damu iko ndani yake tele.

Hapo sasa ndio ruba anawekwa. Ananyonya kama nusu saa, mililita 5 mpaka 15 hivi, akishiba anaanguka mwenyewe. Na kazi kubwa sio hata ile amekunywa, ni kile kidonda ameacha, kwa sababu ya ile hirudini kinaendelea kutoa damu masaa mengi, ndio unakuwa mfereji wa muda mpaka mwili uote vena mpya, siku kadhaa tu. Mwaka wa 1985 huko Boston mtoto wa miaka 5 alitafunwa sikio na mbwa, daktari Joseph Upton akalishona, likaanza kuwa la buluu, akaagiza ruba kutoka Wales na sikio likapona. Na 2004 Marekani ikaruhusu ruba rasmi kama kifaa cha matibabu.

Kuna mama hapo nyuma ameuliza kama anaweza kutoa ruba kwa kinamasi aweke kwa mguu wa mzee wake mwenye sukari. Mama, hapana, tafadhali. Tumboni mwa ruba mnaishi bakteria inaitwa Aeromonas, hata wale wamefugwa kwa maji safi wako nayo, ndio maana hospitali mgonjwa anapewa antibiotiki kabla. Mguu wa sukari mara nyingi shida yake ni damu kutofika, sio damu kukosa kutoka, kwa hivyo utaongeza kidonda juu ya kidonda. Na mtu anayekunywa dawa za kufanya damu iwe nyepesi anaweza kuvuja vibaya sana. Hata huko wanapowatumia, mgonjwa anapimwa damu kila wakati na wengi wanaongezewa.

Fundi wa welding ameuliza kama hapa Kenya inawezekana kurudisha kiungo. Ndio! 2018 madaktari wa hospitali ya Kenyatta, Nairobi, walirudisha mkono wa kijana wa miaka 17 kutoka Kiambu, na ulikatwa na chafkata hiyo hiyo. Lakini lazima kiungo kifike kikiwa hai, kwa hivyo shikeni hii: funga kidole kwa kitambaa safi chenye unyevu, weka ndani ya karatasi isiyoingiza maji, hata ya mkate, funga, halafu hiyo karatasi ndio uweke juu ya barafu. Usizamishe kidole kwenye barafu yenyewe, kitaungua na baridi. Na barafu Kisumu haiwezi kukosa, kimbia kwa wauza samaki, wale wa mbuta, uombe, halafu panda gari na mgonjwa na kidole pamoja.