Hatua za Mtoto Zinahesabika?

REHEMA: Karibuni tena. Leo salamu ndefu hamna, Shabani kaingia studio kanuna, na nimemzuia asiseme kitu mpaka tuwashe vinasa sauti. Haya, mwaga.

SHABANI: Nimeibiwa.

REHEMA: Umeshindwa.

SHABANI: Nimeibiwa mchana kweupe! Wasikilizaji mnakumbuka yale mashindano ya hatua ya kazini kwetu. Kila mtu na saa yake au simu yake, namba zinaingia kwenye ubao mmoja, mwisho wa mwezi anatangazwa mshindi. Nilikuwa naongoza. Nashuka kituo kimoja kabla, lifti siigusi, simu za wateja napokea nikizunguka kwenye korido. Juzi matokeo yakatoka: kashinda jamaa wa uhasibu.

REHEMA: Hongera zake.

SHABANI: Hongera gani, Rehema? Yule bwana hasimami! Akichapisha karatasi anasukuma kiti kwa visigino mpaka kwenye printa, anaichukua, anarudi kinyumenyume, makalio hayajabanduka. Halafu ubao unatuambia Jumamosi katembea hatua 31,000.

REHEMA: Labda Jumamosi ana maisha mengine.

SHABANI: Kamvalisha saa mtoto.

REHEMA: (anacheka) Acha!

SHABANI: Wa miaka sita! Jirani yake ni mwenzetu, kamwona mtoto anakimbizana na wenzake uani, saa ya baba imepanda mpaka juu ya kiwiko maana mkononi inapwaya. Tukambana jamaa. Unajua kajibu nini? “Damu ni moja.”

REHEMA: Jamani, mpeni mtoto kikombe chake.

SHABANI: Unaona? Nilijua utacheka tu.

REHEMA: Sasa nisicheke? Wewe mwezi mzima unahema kwenye ngazi, kumbe unashindana na mtoto wa darasa la kwanza. Na sheria zenu zilisemaje? Ziliandikwa kwamba hatua ziwe za mwenye saa?

SHABANI: Hazikuandikwa. Nani angefikiri?

REHEMA: Basi kashinda kihalali.

SHABANI: Musa, mzimie kinasa huyu.

REHEMA: Tena ana bahati katumia mtoto. Kuna watu wanafunga simu kwenye feni. Wengine wanakaa kwenye kochi wanatikisa mkono, hatua zinapanda, mwenyewe yuko kwenye tamthilia.

SHABANI: Na inakubali kweli?

REHEMA: Inakubali. Saa haiioni miguu yako. Ndani kuna kihisi kinachosikiliza mtikisiko unaojirudia kwa mdundo unaofanana na wa kutembea. Mtikisiko ukitoka mkononi, sawa tu. Ndiyo maana ukifua nguo kwa mkono inakuhesabia hatua umeinama palepale. Na kinyume chake kipo: juzi nimemsukuma mtoto wa dada yangu kwenye kigari, kilima chote, jasho mpaka machoni. Mikono imeshika mpini, haichezi. Nafika juu saa inatetemeka, inaniambia nimekaa sana, niinuke.

SHABANI: (anacheka) Ungemvalisha mtoto.

REHEMA: Mtoto alikuwa amelala!

SHABANI: Huyo hafai kwa mashindano.

REHEMA: Haya, turudi kwenye mada. Leo tuliahidi njia tano za watu wenye kazi kuufanyisha mwili mazoezi bila kuyachukia. Tano, zipo hapa kwenye karatasi. Na kabla ya zote, kwa sababu Shabani anaishi kwa hatua 10,000: namba hiyo haikutoka kwa daktari. Mwaka 1965 Japani kulikuwa na kifaa cha kuhesabia hatua kikiuzwa kwa namba hiyo, mwaka mmoja tu baada ya Olimpiki ya Tokyo. Ilikuwa namba ya biashara, imekaa vizuri mdomoni, dunia nzima ikaibeba.

SHABANI: Kwa hiyo wa uhasibu kavunja rekodi ya tangazo.

REHEMA: Mtoto wake ndiye kavunja. Chenyewe kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, mwongozo wa 2020, ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na siku mbili au zaidi uishughulishe misuli. Na mtu mwenye shughuli nyingi asikie hili: zamani walidai kila kipande kiwe angalau dakika kumi. Sharti hilo limeondolewa. Dakika mbili za ngazi zinaingia kwenye hesabu.

SHABANI: Na wastani unaujuaje, kama saa yenyewe ni mwongo?

REHEMA: Unaongea. Ukiweza kuongea lakini kuimba huwezi, upo kwenye wastani. Ukishindwa hata kumaliza sentensi bila kukata pumzi, hayo ni makali. Simama.

SHABANI: Mimi?

REHEMA: Njia ya kwanza, simama na ukae. Kiti hichohicho. Mikono ikunje kifuani usijisukume. Bila kujibwaga, shuka polepole mpaka kiti kikuguse, panda. Endelea mpaka nikwambie.

(Kiti kinalia.)

SHABANI: Hii ndiyo ya kufurahisha?

REHEMA: Endelea. Wasikilizaji, hii unaifanya ukisubiri faili ifunguke, ukiwa kwenye simu, kwenye kikao ambacho umezima kamera. Mapaja na makalio ni misuli mikubwa, ukiishughulisha moyo lazima uitike. Shabani, tuambie kesho una ratiba gani.

SHABANI: Kesho asubuhi nina kikao, halafu…

REHEMA: Imba.

SHABANI: Nime… ah, siwezi.

REHEMA: Hapo ndipo kwenye wastani. Kaa.

SHABANI: Musa anasema kiti kinapiga kelele kwenye sauti. Samahani, Musa. (anahema) Lakini Rehema, wewe umenichekesha, ndiyo maana nimefanya. Ungenipa karatasi yenye mshale wa juu na wa chini nisingefanya hata mara tatu. Watu wanachoka na mazoezi kwa sababu yamefanywa adhabu. Yule mtoto hana habari na dakika 150. Anacheza tu, ndiyo maana katuacha wote.

REHEMA: Mtoto hatoki kazini saa kumi na moja, hapiti kwenye foleni na hana ripoti ya kupeleka Jumatatu. Na nakuhakikishia ile saa kishaivua. Raha inaisha, Shabani. Mtu mzima anahitaji ratiba. Weka zoezi kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku, ufurahie usifurahie.

SHABANI: Nani ataendelea na kitu asichokifurahia?

REHEMA: Unapiga mswaki kwa sababu ya raha?

SHABANI: Mswaki ni dakika mbili, na nisipopiga watu wanahama kiti. Dakika 150 ni jambo jingine. Angalia Stockholm mwaka 2009. Kwenye kituo cha treni cha Odenplan waligeuza ngazi zikawa kinanda, kila unapokanyaga inatoa sauti. Watu wakaziacha zile za umeme, wakawa wanapanda kwa miguu, wengine wanarudi chini wapande tena. Hawakutangaziwa chochote kuhusu moyo.

REHEMA: Ngazi zile ziliwekwa kwa ajili ya tangazo la kampuni ya magari, video ikazunguka, basi. Mtu anayepita pale kwenda kazini miaka kumi hawezi kuendelea kupiga kinanda kwa miguu. Mimi nakuletea mchezo wa simu, Pokémon Go. 2016, watu wazima wanakimbia barabarani wakiwinda viumbe vya kwenye simu. Jarida la tiba la BMJ likachapisha utafiti wa vijana wa Marekani: wiki ya kwanza hatua zilipanda kwa wastani wa 955 kwa siku. Wiki ya sita, zimerudi pale zilipokuwa kabla ya mchezo.

SHABANI: Ule mchezo mmoja ndio ulichosha. Unaubadilisha! Leo unaruka kamba, mwezi ujao unacheza muziki, mwezi mwingine unajiunga na mbio za parkrun, zile kilomita tano za bure. Zilianza Bushy Park, London, 2004, watu 13 tu, leo ziko nchi nyingi. Kila Jumamosi watu wanaamka wenyewe. Hakuna anayewalazimisha.

REHEMA: Kila Jumamosi! Siku ileile, na watu walewale wanaokungoja. Hiyo ni ratiba, Shabani, umenisaidia mwenyewe.

SHABANI: Wanarudi kwa sababu ya watu, na kukaa na watu ni raha. Usiichukue ile ukaiweka kwako.

REHEMA: Basi chukua hii. London hiyohiyo, 1953, Jerry Morris na wenzake walichapisha kwenye jarida la tiba la Lancet habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva kakaa siku nzima, kondakta anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva. Niambie, ni kondakta gani alipanda zile ngazi akifurahi? Alikuwa kazini. Ngazi hazikumwuliza.

SHABANI: Subiri, hapo nimekukamata. Walikuja kuangalia na sare pia. Wakakuta suruali za madereva zina viuno vipana kuliko za makondakta, hata za wale vijana. Kwa hiyo tofauti nyingine ilikuwepo tangu mwanzo, huwezi kuzibebesha ngazi zote.

REHEMA: Sizibebeshi zote. Na hilo la sare wenyewe ndio walilochapisha, 1956, hawakulificha. Nachosema ni kwamba mwili hauna habari kama ulikuwa unafurahi.

SHABANI: Mwili hauna habari, lakini mwenye mwili anayo! Yeye ndiye anaamua kama kesho atarudia. Kondakta asingepanda angefukuzwa kazi. Mimi nisipofanya simama-kaa nani ananifukuza?

REHEMA: Ndiyo maana unaifunga kwenye kitu ambacho huwezi kukiacha. Simu ikiita, unasimama. Kila simu. Hakuna kuamua.

SHABANI: Nitasimama mwezi mmoja, halafu siku moja nitakuwa nimechoka, nitapokea nimekaa, na hapo imekwisha.

REHEMA: Na mchezo wako siku hiyo ya uchovu utakuinua?

SHABANI: Rafiki yangu akinipigia kwamba wananisubiri uwanjani, ndiyo, nitainuka. Kwa kiti siinuki.

REHEMA: Sikubali.

SHABANI: Wala mimi. Na wa uhasibu aliinuka kwa ajili ya nini? Kikombe!

REHEMA: Hakuinuka, Shabani! Katuma mtoto! Huo ndio mwisho wa mashindano yenu: mtu mzima kutafuta namna ya kupata namba bila kutembea.

SHABANI: Mtoto je? Alitembea. Nyumba ile kuna mtu kafanya mazoezi.

REHEMA: (anacheka) Musa ananyoosha vidole vitatu. Dakika tatu? Tumefika njia ya ngapi?

SHABANI: Ya kwanza.

REHEMA: Mungu wangu. Kuna kamba hapa, kuna vikao vya kutembea, kuna muziki wakati wa kufanya usafi, na hii ya tano… nani aliandika “kuning’inia”?

SHABANI: Mimi. Unashika bomba la juu unaning’inia, mabega na mgongo vinanyooka. Nilitaka nieleze kwa kituo.

REHEMA: Huwezi kuieleza kwa dakika mbili, mtu atang’oa bomba la pazia. Tuache.

SHABANI: Hata kamba? Nisome tu haraka: rukia kwenye vidole vya miguu, viwiko karibu na mbavu, anayezungusha ni kiwiko cha mkono…

REHEMA: Kifundo cha mkono.

SHABANI: Kifundo, samahani, na usiruke juu sana, kamba ipite tu…

REHEMA: Na mwenye magoti mabovu? Mwenye jirani chini yake? Hayo yote hatujayasema. Iache.

SHABANI: Wiki ijayo basi.

REHEMA: Wiki ijayo ni usingizi, mgeni tumeshamwalika.

SHABANI: Mgeni ataruka kamba.

REHEMA: Mgeni ni wa usingizi! Wasikilizaji, tutumieni sauti zenu, mnatumia raha au ratiba, na msiseme vyote viwili, nimeshawajua. Musa, tunaweza kupata dakika nyingine…? Anakataa. Haya, Shabani, aga.

SHABANI: Siagi mpaka nimalize kamba.

REHEMA: Musa, zima.