Kutoboa akriliki bila kuipasua: kibao kimoja, matundu manne

Habari zenu mafundi wenzangu, na ninyi mnaojifunzia nyumbani. Karibuni mezani.

Hiki mnachokiona ni kibao cha duka la dawa. Ni akriliki, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo, angavu, ya milimita 5, sentimita 40 kwa 30, na herufi za stika zimeshabandikwa kwa nyuma. Mwenyewe anakuja kukichukua saa kumi jioni. Yamebaki matundu manne tu, moja kila pembe, ya kupitisha bolti za ukutani. Na hayo matundu ndiyo yanayoua vibao.

Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa na kibao cha mama mmoja, kazi imekwisha kabisa, nimetoboa matundu matatu salama. La nne nikaongeza mkono ili nimalize haraka. Ikasikika "tak!", ufa ukakimbia kutoka kwenye tundu mpaka ukingoni. Nikanunua akriliki nyingine kwa hela yangu, nikakesha nabandika herufi upya. Tangu siku hiyo sitoboi bila kufuata hatua hizi nitakazowaonyesha, hata kama mteja amesimama mlangoni.

Kwanza tuelewane inapasuka kwa nini. Wengi wanadhani ni kwa sababu umekandamiza sana. Kukandamiza ni kosa, ndiyo, lakini angalia biti yenyewe, hiki chuma cha kutobolea kinachofungwa kwenye drili. Kijana wangu, sogeza kamera hapa nchani. Biti ya chuma ya kawaida ina makali mawili yaliyolala kama patasi. Yanapokutana na chuma yanachimba na kuinua, na chuma kinavumilia. Yakikutana na akriliki yanachimba vilevile, lakini akriliki haijui kukunjika. Mwanzoni huoni tatizo, maana kuna unene wa kutosha chini. Ngoma iko pale biti inapokaribia kutokea upande wa pili. Imebaki ngozi nyembamba, makali yanaing'ata, na kwa dakika hiyo biti inaacha kutoboa, inageuka skrubu. Inajivuta yenyewe kwa kasi, inanyanyua akriliki, kitu kinapasuka.

Kwa hiyo tuna kazi mbili kubwa: kupunguza ung'ataji wa biti, na kuipa akriliki kitu cha kuegemea chini. Mengine yote ni ya kusaidia haya mawili. Halafu liko joto, nalo nitalifikia.

Neno moja kuhusu akriliki yenyewe. Madukani utasikia Perspex, utasikia Plexiglas. Hayo ni majina ya biashara, la kwanza la Uingereza, la pili la Ujerumani, na yote yametoka kwenye miaka ya 1930. Kitu ni kilekile. Tofauti inayokuhusu wewe mwenye drili ni jinsi ilivyotengenezwa. Iko iliyomiminwa kwenye ukungu ikagandia humo, na iko iliyokamuliwa na mashine kama tambi. Ya kumiminwa hutoboka vizuri. Ya kukamuliwa huwahi kulainika na kunatanata kwenye biti, basi hiyo itoboe taratibu zaidi. Muulize muuzaji kabla hajakukatia.

Sasa biti. Ukiweza kupata biti za plastiki, zenye ncha kali iliyochongoka, nunua. Ukikosa, chukua biti ya chuma, mpya au yenye makali mazuri, tuitengeneze. Biti ya zege isikaribie hapa kabisa, haikati, inaponda. Ya mbao yenye kamsumari katikati naiacha pia, ile pembe yake ya nje inanyakua.

Tazameni mikono yangu. Nashika jiwe dogo la kunolea, nalisimamisha sambamba na biti, nalilaza kwenye uso wa mbele wa ule ukali, upande unaotazama mfereji. Napitisha mara nne, mara tano, taratibu. Nageuza, nafanya upande wa pili idadi ileile. Ukiangalia kwenye mwanga utaona kamstari kembamba kanang'aa ukingoni, kama unene wa ukucha, basi. Hatujaua makali ya biti. Tumeyasimamisha wima. Sasa badala ya kuchimba yatakwangua. Biti hii iwekee alama ya rangi na uiweke mbali na biti zako za chuma, kwa sababu kwenye bati itakusumbua.

Twende kwenye vipimo. Ile karatasi ya kinga iliyokuja na akriliki usiibandue. Mbele bado ninayo. Nyuma ilibidi itoke ili tubandike herufi, kwa hiyo kila pembe nimeweka tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Inasaidia kuchora alama na inazuia mikwaruzo.

Tundu lisikae karibu na ukingo. Mimi nahakikisha kutoka ukingo wa tundu hadi ukingo wa akriliki pana angalau mara mbili ya upana wa tundu. Tundu langu ni milimita 8, kwa hiyo nahitaji 16 au zaidi. Nimepima milimita 25 kutoka kila ukingo hadi katikati ya tundu, inabaki 21. Tuko salama.

Mtaniuliza, bolti ni ya milimita 6, mbona unatoboa 8? Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana vibao vingi havipasuki mezani, vinapasuka ukutani baada ya miezi. Akriliki hutanuka sana kwenye joto, mara nyingi kuliko ukuta unaoibeba. Kipande cha mita 1 kinaongezeka karibu milimita 0.7 kwa kila nyuzi 10 za joto. Chukua bango la mita 2 linalotazama magharibi hapa Dar, jua la alasiri limepiga, joto limepanda nyuzi 30 kuliko alfajiri. Hapo linatafuta nafasi ya zaidi ya milimita 4. Kama bolti imebana tundu, halina pa kwenda, na ufa utaanzia hapohapo. Kibao chetu ni kidogo, milimita 2 za nafasi zinatosha kabisa. Bango kubwa lipe zaidi, au fanya matundu ya pembeni yawe marefu kidogo kwa upande linakotanukia.

Baada ya kuchora alama, fundi wa chuma atachukua nyundo na panchi, kile chuma chenye ncha cha kuwekea alama, agonge katikati. Usigonge! Pigo moja linatosha kuweka nyota ya nyufa ndogo. Shika biti ya milimita 3 kwa vidole, iweke kwenye alama, izungushe huku na huku mara kumi hivi. Unapata kashimo kadogo, na biti kubwa haitateleza.

Sasa mgongo wa kuegemea. Chini naweka kipande cha plaiwudi, kizima, kilichonyooka. Nakazia neno kizima, kwa sababu wengi wanachukua kile kilichotobolewa jana. Tundu la zamani likija chini ya tundu lako jipya, ni sawa na kuning'iniza akriliki hewani. Futa chenga zote kwanza, hata punje moja ya mchanga inanyanyua kibao. Kisha bana na klampu, mbili angalau, karibu na unapotoboa, na chini ya kila klampu weka kipande cha mbao au ndala ya zamani isiweke alama. Usitegemee mkono wako kushikilia. Biti iking'ata, kibao kinazunguka kama feni, na kona yake inakata.

Vaa miwani ya kazi. Glovu vua, hasa za kitambaa, biti ikinasa uzi inavuta kidole. Na hebu angalia hii pete ya drili: ina alama ya biti, ina alama ya nyundo, yaani kutoboa huku inagonga. Kama jana ulitoboa ukuta, iko kwenye nyundo. Irudishe kwenye biti sasa hivi kabla hujasahau.

Mwendo. Kwa matundu madogo hadi milimita 6 mimi sizidishi mizunguko 1000 kwa dakika. Kwa hii ya 8 nakwenda kama 700, na kuanzia 12 nashuka chini ya 500. Drili ya kuchaji haina mita, kwa hiyo weka gia namba moja, au gia mbili ukibonyeza nusu. Ukiwa na drili ya mezani ni bora zaidi, inashuka wima bila kuyumba.

Natoboa. Drili imesimama wima, naianzisha taratibu kabla haijagusa. Inagusa... sikilizeni mlio wake. Ni mkwaruzo laini, wa aina moja. Na tazameni kinachotoka: nyuzi mbili nyeupe zinajisokota kupanda kwenye mifereji ya biti. Hizo nyuzi ndizo dalili yangu. Zikitoka ndefu, laini, mwendo na mkono viko sawa. Ukiona unga tu, unagusa kwa woga mno, biti inasugua, ongeza uzito kidogo. Ukiona donge linalong'aa limeng'ang'ania kwenye biti, simama, umeichemsha.

Na kuchemsha si jambo la mbali. Akriliki hulainika kwenye nyuzi 100 hivi za joto, na biti inayosugua mahali pamoja inafika huko upesi. Ikilainika inaishika biti, ukiachia inagandia pale, ukianzisha tena inavunjika. Pua yako itakuambia mapema, kuna harufu kali yenye utamu, kama ya saluni wanapoweka kucha za bandia. Ukiisikia, toa biti. Kila ninaposhuka milimita 2 naipandisha juu, nasafisha nyuzi kwa brashi, naiacha ipumue, narudi. Kwa unene wa 5 nadondosha matone mawili ya maji yenye sabuni ya vyombo. Kwa unene wa 10 na kuendelea maji hayo ni lazima. Usimwage ovyo, drili ni ya umeme.

Tumefika penyewe. Inamisha kichwa uangalie kwa ubavuni, kupitia ukingo wa kibao. Unaiona ncha ya biti ikishuka ndani? Imebaki kama milimita 1. Hapa mkono wote unapungua. Mimi sisukumi tena, naizuia drili isishuke kwa uzito wake. Biti inajikwangulia yenyewe... inaendelea... sauti imebadilika, imeingia kwenye plaiwudi. Usiichomoe ikiwa imesimama, ipandishe huku inazunguka polepole. Hilo moja. Tazameni ukingo wa chini, hakuna hata kigae kilichoruka. La pili na la tatu ni hivyohivyo, nitayapeleka mbele haraka. La nne nalifanya mwendo uleule wa la kwanza.

Wako watakaotaka kuanza na tundu la milimita 3, kisha 5, kisha 8, kama kwenye chuma. Kwa akriliki sishauri. Biti kubwa ikikuta tundu tayari lipo inashika kwa pembe zake tu, na hapo ndipo inang'ata vibaya. Pitisha saizi yako mara moja. Ukilazimika kupanua, tumia biti ya ngazi, ile yenye umbo la pia. Kila ngazi inakwangua kidogo tu, na kwa matundu ya milimita 10 hadi 20 ndiyo ninayoiamini. Zaidi ya hapo ni msumeno wa matundu, ule wenye umbo la kikombe unaofungwa kwenye drili: unakata nusu unene, unageuza kibao, unamalizia upande wa pili.

Sasa ukingo wa tundu. Pitisha kidole taratibu, utahisi kaukali. Huo ukali ni mbegu ya ufa. Chukua biti kubwa, ya milimita 12 au zaidi, ishike kwa mkono bila drili, izungushe juu ya tundu mara tatu, pande zote mbili. Ndani ya tundu pakiwa peupe sana, kunja msasa namba 400 uupitishe na maji.

Kusafisha: maji, sabuni kidogo, kitambaa laini. Spiriti, thina na petroli viweke mbali, na zile dawa za vioo zenye amonia pia. Sehemu iliyotobolewa au kukatwa kwa leza ina mkazo ndani yake. Ukiipaka spiriti, vinatokea vinyufa vingi kama utando wa buibui, wakati mwingine palepale mbele ya macho yako.

Na kama ufa umeshaingia lakini haujafika ukingoni? Tafuta mwisho wake kabisa, toboa katundu ka milimita 3 papo hapo nchani. Ufa ukikutana na mduara unakosa pa kushika. Kibao hakitakuwa kipya, lakini kinaweza kukaa ukutani.

Tunamalizia na kufunga. Usitumie skrubu yenye kichwa cha mteremko, ile inayozama. Kichwa chake ni kabari, kinapanua tundu kila unapokaza. Tumia kichwa bapa, na kati yake na akriliki weka washa ya mpira. Fisha, zile plastiki za kushikia bolti ndani ya ukuta, zikishakaa ukutani, pitisha bolti nne zote kwanza zikiwa legevu, halafu kaza kwa bisibisi ya mkono, kwa kupishana pembe. Mpira ukianza kuminywa, simama. Rudisha robo mzunguko. Kibao kisicheze ukikigusa, lakini bolti isiwe imekiua.

Na sasa, bolti zote zikiwa mahali pake, ndiyo nabandua karatasi ya mbele. Anza kona ya juu, vuta polepole ukiilaza chini... haya, jina la duka hilo.