Kwa nini tamthilia za upelelezi za Sweden zimenishika

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo. Karibuni tena, dada yenu niko hapa Malmö, kusini kabisa mwa Sweden. Giza hilo mnaloliona dirishani msidhani ni usiku. Ni saa kumi na moja jioni. Mwezi huu wa Desemba jua la huku linazama kama saa tisa na nusu alasiri, na ukitoka kazini hukuti mtu barazani wa kupiga naye soga. Kila mtu yuko kwake, taa dirishani, televisheni inawaka. Na kwenye televisheni, mara nyingi, kuna maiti.

Shangazi zangu kule Tanga wamenisema sana kwa hili. "Wewe mtoto, kila tukikupigia uko na mambo ya watu waliouawa. Huko hakuna tamthilia za mapenzi?" Zipo, shangazi. Lakini hizi za upelelezi ndizo zilizonionyesha nchi hii ninayoishi, kuliko darasa la lugha, kuliko semina yoyote ya wageni niliyowahi kukalishwa. Leo naomba mnipe nafasi niwaeleze kwa utulivu.

Niianze na ya hapahapa. Tamthilia inaitwa Bron, yaani daraja, na daraja lenyewe naliona nikienda ufukweni. Ni daraja la Öresund, lilifunguliwa mwaka 2000, linatoka hapa Malmö kuelekea Copenhagen, Denmark. Karibu kilomita 8 juu ya maji, halafu barabara inaingia kisiwani, inazama chini ya bahari na kutokea upande wa pili. Sasa sehemu ya kwanza kabisa, ilirushwa mwaka 2011: usiku, taa za daraja zinazimika. Zinaporudi kuwaka, kuna mwili wa mwanamke umelazwa barabarani, juu ya mstari wa mpaka. Nusu Sweden, nusu Denmark. Polisi wa nchi mbili wanafika, wanaulizana kesi ni ya nani. Mpelelezi wa Sweden, Saga Norén, anasema ni yangu. Sawa, Mdenmaki anakubali, usiku wa manane nani anataka kazi ya ziada. Lakini wanapokuja kuuinua ule mwili, unaachana katikati. Ni watu wawili. Kiwiliwili cha juu ni cha mwanasiasa wa Sweden, miguu ni ya mwanamke wa Denmark aliyekuwa akijiuza.

Najua, mmeshtuka. Lakini tazameni kilichotokea kabla ya hapo, maana ndicho kilichonikamata mimi. Inakuja gari ya wagonjwa, ndani kuna mgonjwa wa moyo anayewahishwa hospitali, na mkewe analia wapishwe. Saga anakataa, eneo la tukio halikanyagwi. Martin, yule wa Denmark, anamwonea huruma yule mama, anawapisha. Na Saga anamripoti! Mtu ambaye ndiyo kwanza wakutane, anamwandikia ripoti, na wala hana chuki naye. Kwake kanuni ni kanuni. Nilipoona hapo nilisema, Mungu wangu, huyu nafanya naye kazi. Siyo yeye mwenyewe, lakini nawajua watu wa namna hiyo huku: hakusemi kwa majirani, hakuchukii, atakuandika tu kwa sababu fomu inasema uandikwe. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naumia mno na watu hawa. Saga ndiye aliyenifundisha kuwatazama upya. Yule dada anabadilisha fulana katikati ya ofisi mbele ya wanaume, hajui kuremba maneno, hajui kumwambia mtu pole inapotakiwa, na hakuna mahali tamthilia inataja ana tatizo gani. Inakuacha uishi naye misimu minne, mpaka mwaka 2018, na kufikia mwisho unamlilia kama dada yako wa damu. Sofia Helin aliyemcheza, kwangu mimi hana mpinzani.

Sisi tumekulia mabanda ya video. Tunajua stering hafi, stering anapiga, stering anavaa vizuri. Waliosoma hadithi za Willy Gamba wanakumbuka zile suti na zile hoteli. Sasa mje huku mkutane na Kurt Wallander. Mnene kidogo, ameachwa na mke, halali vizuri, ana kisukari, binti yake anamkasirikia, na anafanya kazi Ystad, mji mdogo wa pwani ambao ukipanda treni hapa Malmö hata saa moja haiishi umeshafika. Nilikwenda siku moja ya kiangazi kuuona. Nyumba za zamani zenye mbao zilizopishana ukutani, vichochoro vya mawe, na barabara ya Mariagatan anakoishi Wallander ipo kweli, ni barabara ya kawaida kabisa, watu wanaanika nguo. Kwenye mnara wa kanisa la Maria kuna mlinzi anayepuliza pembe usiku mpaka leo, kuwajulisha watu kwamba hali ni shwari. Huo ndio mji waliouchagua kuujaza mauaji.

Wallander wamemcheza wengi. Yupo Rolf Lassgård, alianza miaka ya 1990. Waingereza nao walimleta Kenneth Branagh mwaka 2008 wakaja kurekodi hapohapo Ystad. Wangu mimi ni Krister Henriksson, na nawaomba muufikie msimu wake wa mwisho, wa mwaka 2013. Wallander anaanza kusahau. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kushika vitu vidogo, sura, namba ya gari, neno alilotamka shahidi juzi, anaanza kupotea ndani ya kichwa chake mwenyewe. Mnajua kazi yangu huku, nahudumia wazee, na wengi wao wana ugonjwa huo. Kuna kitabasamu fulani mzee anakitoa akikuona, kitabasamu cha heshima, cha kufunika kwamba jina lako limemtoka na hataki ujue. Henriksson anakitoa kile kitabasamu. Sijui alikipata wapi. Nilisimamisha video nikaenda jikoni nikalia. Zile sehemu hazikunifanya nimuwaze muuaji hata kidogo.

Na sasa naingia kwenye jambo lenyewe. Kwa nini nchi tajiri, tulivu, yenye hospitali na shule, ipende hivi kujitazama katika maiti? Hii ina historia. Miaka ya 1960 kulikuwa na wapenzi wawili walioishi pamoja bila ndoa, Maj Sjöwall na Per Wahlöö, waandishi wa mrengo wa kushoto. Kati ya mwaka 1965 na 1975 waliandika riwaya kumi za mpelelezi Martin Beck, na nia yao waliisema waziwazi: kutumia kesi ya mauaji kuipasua jamii ya Sweden na kuonyesha ndani kuna nini. Serikali inasema inamtunza kila mtu; haya, huyu alifaje peke yake? Nani alimsahau? Beck yuko kwenye televisheni tangu mwaka 1997, amechezwa na Peter Haber, na Waswidi wanampenda kama mtu wa ukoo. Hasa zile dakika chache anapotoka kwenye roshani na kukutana na jirani yake mzee mwenye kola ya matibabu shingoni, wanaongea upuuzi wa dunia, mmoja huku mwingine kule. Ujirani wa huku ndivyo ulivyo, jamani. Roshani kwa roshani.

Aliyeibeba kazi hiyo mbele ni Henning Mankell, aliyemuumba Wallander. Huyu ni mtu wa kwetu nusu. Aliishi Msumbiji kwa vipindi virefu, akiongoza jumba la michezo ya kuigiza la Teatro Avenida pale Maputo, na Uganda aliwahi kwenda kukaa na wazazi wenye Ukimwi waliokuwa wakiwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Aliporudi Sweden mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuta chuki dhidi ya wageni imeota. Ndipo akataka kuandika juu ya ubaguzi, na kwa kuwa ubaguzi aliuona ni uhalifu, akamhitaji polisi. Kesi ya kwanza ya Wallander, kitabu cha mwaka 1991, inaanza na wazee wawili wa shamba wameshambuliwa kinyama. Bibi kabla hajakata roho anatamka kitu kuhusu wageni. Habari inavuja, na kabla polisi hawajamkamata yeyote, mkimbizi wa Kisomali anapigwa risasi barabarani. Na mwezi wa nane wa mwaka huohuo, kwenye maisha halisi, mtu mmoja alianza kuwafyatulia risasi wahamiaji Stockholm na Uppsala. Aliwapiga watu 11, mmoja akafa. Mimi mweusi ninayepanda basi hapa Malmö, siwezi kuyatazama hayo kama burudani tupu. Natazama nikijua mtu wa hapahapa, mwenye jina na heshima yake, aliliona na akalisema kwa lugha yao wenyewe, na wakamsikiliza kwa mamilioni.

Halafu lipo jeraha moja ambalo usipolijua hutaelewa tamthilia yao hata moja. Tarehe 28 Februari 1986 waziri mkuu, Olof Palme, alitoka sinema na mkewe pale Stockholm, kwa miguu, bila walinzi. Wakiwa kwenye barabara ya Sveavägen akapigwa risasi mgongoni. Wazazi wetu wanamkumbuka: rafiki wa Mwalimu Nyerere, na wiki moja tu kabla ya kifo chake alisimama kwenye mkutano mmoja na Oliver Tambo kuulaani ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Muuaji hakupatikana. Watu walishukiwa, mmoja akahukumiwa, akaachiwa na mahakama ya rufaa. Nchi iliyoamini kila kitu chake kinafanya kazi ikabaki na maswali. Mwaka 2010 walifuta ukomo wa muda kwa makosa ya mauaji, kuanzia yale ya katikati ya 1985, kwa hiyo kesi ya Palme haikufa. Mwaka 2020 mwendesha mashtaka alimtaja mtu aliyekwisha kufariki miaka 20 nyuma, akafunga jalada, na wengi hawakuridhika. Kwa hiyo ukimwona mpelelezi wa Kiswidi amekaa mbele ya ubao wenye picha, saa nane za usiku, kahawa imepoa, na anarudia faili lilelile, ujue nchi nzima imewahi kukaa hivyo.

Mambo madogomadogo nayo yananipa raha. Konstebo anamwita bosi wake kwa jina la kwanza, hakuna afande, hakuna saluti, mkubwa anapingwa kikaoni na anajibu kwa hoja. Mwendesha mashtaka ndiye anayeongoza upelelezi akishapatikana mshukiwa, siyo polisi anavyotaka. Dhamana ya fedha haipo kabisa. Tajiri na maskini, mahakama ikisema ukae, unakaa. Na hakuna wa kupigwa ili aseme. Wanakaa mezani, wakili yuko pembeni, maji kwenye glasi, kimya kirefu. Kimya kile wanakijua kukitumia! Ukizoea tamthilia za mtu kupiga kelele, mwanzoni utaona wamelala. Vumilia sehemu mbili.

Nisiwafiche kitu: maisha siyo kama tamthilia. Ystad ingekuwa na maiti zote zile, wangeshahama wote. Mwaka 2023 Sweden nzima ilihesabu watu 121 waliouawa, mwaka 2024 wakashuka hadi 92, na kinachoitesa nchi sasa ni risasi za magenge, vijana wadogo kwa vijana wadogo, siyo wauaji wenye mafumbo ya kuacha kwenye daraja. Na vijana wenyewe wengi ni wa familia zilizotoka nje. Hapo tamthilia za zamani zilitupunja. Sura kama yangu ilikuwa mhasiriwa au mshukiwa, basi. Ndiyo maana naipenda Tunna blå linjen ya mwaka 2021, iliyochezwa hapa Malmö, polisi wa doria wa kawaida, baadhi yao wazazi wao wamehamia. Hakuna fumbo kubwa. Leo wanamtuliza mgonjwa wa akili, kesho wanamtoa mama kwenye nyumba ya kipigo, keshokutwa wanatupiwa mawe. Mitaa ile naipita na baiskeli.

Wa kuanza kabisa nawashauri Genombrottet, iko Netflix tangu Januari 2025, sehemu nne tu. Ni kisa cha kweli cha Linköping, mwaka 2004, mtoto wa miaka minane na mama wa miaka 56 waliochomwa kisu asubuhi moja. Muuaji aliacha damu yake, kwa hiyo vinasaba walikuwa navyo tangu siku ya kwanza, ila havikufanana na vya mtu yeyote aliyekuwa kwenye kumbukumbu zao. Miaka 16. Mwishowe akaletwa mtaalamu wa nasaba, mtu wa kutafuta mababu na mabibi, akaupanda mti wa ukoo ndugu kwa ndugu mpaka akamfikia. Mwaka 2020 akakamatwa. Tazameni namna polisi anavyokaa na wazazi, miaka inapita, hana jipya la kuwaambia, na bado anagonga mlango.

Halafu Bron, msimu wa kwanza kwa mpangilio, msiruke. Halafu Wallander wa Henriksson. Watoto wakalale kwanza. Mkimaliza Genombrottet niandikieni, maana lile swali la nani aruhusiwe kupekua vinasaba vya ukoo wa mtu huku linabishaniwa sana, na nataka kulifanyia video yake. Mimi kesho nina zamu ya asubuhi. Shangazi, nitakupigia Jumapili.